Sentimita Nne

Chaki ya fundi ikikwaruza mbao haina kelele kubwa. Ni kama panya anayetafuna kwa adabu. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha, nje bado giza, na sikuhitaji kuuliza ni nani. Mjukuu wangu alikuwa chumba cha mbele, ameinamia meza yangu ya kukatia, anaandika hesabu juu ya mbao kwa chaki ya bluu ninayochorea vitambaa.

Nilijifunga kanga, nikatoka taratibu kwa sababu magoti yangu asubuhi hayataki haraka.

"Sindano, umelala saa ngapi?"

"Nimelala, Bibi."

"Sikuuliza kama umelala. Nimeuliza saa ngapi."

Akacheka bila kuinua kichwa. Sindano ni jina nililompa mimi, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopenya mahali unapodhani hapapenyeki. Robo ya meza ilikuwa imejaa namba, na katikati ya namba kulikuwa na herufi moja imerudiwarudiwa, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Na hiyo herufi inatafuta nini kwenye namba?"

"Haitafuti, Bibi. Inatafutwa."

Nikamwekea chai pembeni, mbali na chaki.

Mambo yalikuwa hivi. Sindano ana miaka ishirini na mitatu. Nimemlea tangu ana minne, mama yake alipokwenda mji mwingine kupiga pasi mashuka ya hoteli. Tunashona pamoja, sare za shule zaidi, mimi nikikata na yeye akiunganisha. Lakini mwaka juzi nilipougua, tulikaa siku tatu zahanati tukingoja majibu ya damu, na mpimaji mmoja, mtu mpole sana, akamwinamishia hadubini Sindano ili atazame. Hakuwa na sababu ya kufanya vile. Aliona tu binti anachungulia mlangoni. Tangu siku hiyo mjukuu wangu hakutaka kitu kingine duniani ila kuwa mpimaji wa maabara.

Chuo cha afya kilimkubali, kwa sharti moja. Aliyemaliza shule zaidi ya miaka minne iliyopita lazima afanye mtihani wa hesabu ili wajue wampange darasa gani. Akipata sitini kwenda juu, anaingia kozi ya maabara moja kwa moja. Akipata chini ya hapo, anapelekwa darasa la matayarisho mwaka mzima, na kiti chake anapewa anayefuata kwenye orodha. Tena kozi ya maabara hupokea watu mwaka mmoja na kuruka mwaka mwingine. Kwa hiyo kukosa sitini kulikuwa na maana ya miaka miwili ya kungoja, na kuomba upya kama mtu asiyejulikana. Tulikuwa na wiki sita.

Mimi shule yangu iliishia darasa la tano, lakini nilijaribu.

"Sikiliza," nikamwambia asubuhi ile. "Sketi imeshapindwa, ina urefu wa sitini na nane. Upindo umekula nne. Nilikata ngapi?"

"Sabini na mbili."

"Basi si ndiyo herufi yako hiyo?"

Akanitazama, akaitazama meza. "Ndiyo, Bibi. Ndiyo hiyo hasa."

Nikajiona profesa. Kwa siku tatu nikamfundisha kwa sketi, mikono na kola. Nilishangaa kuona kumbe miaka hamsini nimekuwa nikitafuta herufi hiyo bila kujua jina lake. Kisha zikaja hesabu zenye herufi huku na huku, zenye mabano, zenye namba zilizo chini ya sifuri. Mimi sijawahi kukata kitambaa kilicho chini ya sifuri. Nikarudi kwenye mkasi wangu.

"Bibi," akasema siku ya nne, akijifanya anatunga uzi, "watu wanasema Mwalimu Rula yuko nyumbani tu siku hizi. Anamfundisha yeyote anayekwenda. Hataki chochote."

"Hapana."

"Bibi, wiki zinakwisha."

"Nimesema hapana. Ukimaliza shingo hiyo, nipe."

Mwalimu Rula alikuwa mwalimu wa hisabati shule ya sekondari ya hapa. Jina hilo walimpa wanafunzi, na alilistahili, maana alikuwa amenyooka hivyo na alipiga hivyohivyo. Binti yangu, mama yake Sindano, alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa anatoa jibu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Mwaka wa mwisho, mwalimu huyo alisimama mbele ya darasa akasoma orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa, na jina la binti yangu halikuwemo. Alipouliza, akaambiwa achukue begi lake. Akaja nalo nyumbani mchana wa jua kali, akakaa kwenye cherehani ya pili, akaanza kushona bila kusema neno. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Ni miaka ishirini na sita sasa. Katika miaka hiyo yote sikumsalimia mtu yule. Mkewe alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa nyuma kabisa, nikaondoka bila kumpa mkono. Na Sindano nilimkuza nikimwambia kwamba kuna wanaume wasiopenda kuona mtoto wa kike ana akili kuwashinda.

Jioni nikampigia simu binti yangu. Nyuma yake nilisikia mvuke wa pasi ukipumua.

"Huyo mzee bado yuko hai?" akauliza.

"Yuko. Jicho moja limekufa, la pili linaona kivuli tu."

Mvuke ukapumua mara mbili.

"Mpeleke, Mama."

"Wewe hutasikia vibaya?"

"Nasikia vibaya tangu nina miaka kumi na minane. Mpeleke. Hisabati anaijua." Alisema kama mtu anayesoma orodha ya mashuka. "Mama, mimi nina pasi ya moto hapa. Mpeleke tu."

Tukaenda Jumanne. Nilibisha hodi nikitumaini hayupo.

"Karibu, Mama Fundi," sauti ikatoka ndani kabla mlango haujafunguka. Miaka ishirini na sita, na alinijua kwa hodi moja.

Alikuwa amekonda. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, viti viwili, na vitabu vimepangwa ukutani kwa urefu, vikubwa kulia, vidogo kushoto. Alikifuta kiti kwa mkono wa koti lake kabla sijakaa, kisha akakipapasa kwa kiganja, kuhakikisha, kwa kuwa jicho lake haliwezi kuona vumbi. Niliona. Nikachukia kwamba nimeona.

"Nimemleta huyu," nikasema. "Sikuja kuzungumza."

"Sawa. Binti, kaa karibu na dirisha. Andika ninachosema. Tano x, toa saba, ni sawa na mbili x, ongeza kumi na moja. Tafuta x."

Sindano akaandika, akafuta, akaandika. "Moja na theluthi."

"Rudisha jibu lako ndani uone kama pande mbili zinapatana."

Akarudisha. Hazikupatana hata kidogo.

"Ile saba," mwalimu akasema. "Ilikuwa inatolewa upande huu. Ulipoihamishia upande wa pili, uliifanya nini?"

"Niliiacha ilivyo."

"Ndiyo. Umemhamisha mtu nyumba ukamwacha amelala kitandani, hajui hata kama amehama."

Sindano akacheka. Mimi sikucheka, lakini ilibidi nitazame vitabu.

"Sikiliza, binti. Huyu x ni mtu aliyejifunika shuka. Usimvute kwa nguvu. Waondoe waliomzunguka, mmoja mmoja, kwa heshima. Saba anatolewa? Basi wewe mwongeze saba, atulie. Lakini ukiongeza saba hapa, ongeza saba na kule, wasije wakasema unapendelea. Ukiwamaliza wote, shuka litaanguka lenyewe."

Akaongeza saba huku na huku. Akaondoa mbili x huku na huku. Akapata tatu x ni kumi na nane.

"Sita!"

"Rudisha ndani."

Ishirini na tatu na ishirini na tatu. Mjukuu wangu akaitazama karatasi kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa kwenye gazeti. Mwalimu hakumwona, lakini aligeuza uso kuelekea ule ukimya, akatabasamu.

Tukawa tunakwenda Jumanne na Ijumaa. Mimi sikuwa na kazi pale ila kukaa, na mikono yangu haijui kukaa. Siku ya tatu nikamwambia mzee, "Nipe hilo koti." Bitana yake ilikuwa imeachia chini ya kwapa na vifungo viwili havikuwepo. Nikalishona huku wao wakigombana na mabano. Haikuwa huruma. Ni kwamba kitu kilichochanika kikiwa mbele yangu siwezi kusikia lingine.

Wiki ya nne ndipo yalipotoka. Mwalimu alikuwa anasoma swali refu kwa kichwa, na kabla hajamaliza Sindano akasema, "Kumi na mbili."

Mzee aliacha swali katikati. Kisha akasema, taratibu, "Mama yako alikuwa hivihivi."

"Usimtaje," nikasema.

"Mama Fundi..."

"Nimekwambia siku ya kwanza sikuja kuzungumza. Ulimtoa darasani mbele ya wenzake kama mwizi, leo unamtaja kwa mdomo mtamu?"

"Nilituma barua tatu."

Alisema polepole, bila kupandisha sauti. Sindano akaacha kuandika.

"Barua gani?" akauliza.

"Kila muhula ulipofunguliwa, mama yako alikosa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwaka ule alikosa siku arobaini na moja. Sheria ilikuwa thelathini. Nilimwandikia mzazi barua mara tatu."

Sindano akanigeukia, akingoja nimwambie mzee ni mwongo. Nilikuwa na sindano mkononi na uzi mweusi. Ningeweza kusema sikuzipata. Ningeaminiwa, na mwalimu yule, naamini, angeninyamazia.

"Nilizipata," nikasema.

"Bibi?"

"Nilizipata zote tatu, na nilizisoma. Nilikuwa na sare za shule nzima na mikono miwili tu. Kila shule zikifunguliwa watoto wa watu wanataka sare. Nikasema wiki moja tu anisaidie. Halafu nikasema tena wiki moja tu. Nilidhani mtoto mwenye akili kama ile hawezi kufukuzwa."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Na mimi ningeweza kuja," mwalimu akasema baadaye. "Ni hatua mia tatu kutoka hapa mpaka kwako, nimezihesabu mara nyingi. Nikaandika barua, kwa sababu barua haimtazami mtu usoni. Na siku ile ya orodha ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Nilitaka wengine wajifunze."

Kisha akasema, "Swali la nane, binti," na Sindano akaandika swali la nane. Alilipata.

Tulipofika nyumbani akauliza, mgongo wake kwangu, "Mama anajua kuhusu hizo barua?"

"Ndiye aliyekuwa akizileta. Kwenye begi lake."

Alikula amesimama. Siku mbili alizungumza nami mambo ya vifungo na zipu tu. Lakini usiku ule, nilipokwenda kulala, nilikuta ndala zangu zimewekwa kando ya kitanda, zimeelekezwa upande ninaoshukia, kama anavyofanya kila siku. Nililia kwa ajili ya ndala zile kuliko nilivyolia kwa ajili ya barua.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Mzazi haruhusiwi kuingia, nikabaki kwenye ukumbi wa nje. Mama mmoja mfagiaji alihamisha ndoo yake na matambara, akanipa nusu ya benchi alilokuwa anapumzikia. Akanionyesha na bomba lenye maji mazuri. Saa mbili nzima hakuniuliza nina shida gani, akaniacha na wasiwasi wangu. Wapo watu wa namna hiyo, na sijui kama wanajua wanachofanya.

Sindano alitoka akicheka. Ni yule wa zamani, wa kabla ya barua. Akanishika mkono, tukavuka geti.

"Bibi! Kulikuwa na swali la kitambaa!"

"Acha mzaha."

"Haki ya Mungu. Nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akanitazama. Sikiliza: Fundi ana kitambaa cha mita tisa. Anakikata chote, vipande vitatu vilivyo sawa, na cha nne kinachozidi kila kimoja kati ya hivyo kwa mita moja. Tafuta urefu wa kila kimoja kati ya vile vitatu."

"Ukajibuje?"

"Mita moja nukta tisini na sita."

Nikahesabu kichwani, tukitembea. Kila kipande sentimita mbili za kushonea upande huu na mbili upande ule. Nne mara nne, kumi na sita. Toa kwenye mita tisa, toa na ile mita inayozidi, gawa kwa nne.

"Umeacha ya mshono," nikasema.

"Vipande vyote vinne. Na nimeandika kabisa pembeni: kila kipande kina sentimita nne za mshono. Wajue najua ninachofanya."

"Vizuri sana, mwanangu," nikamwambia. "Wengine wote watasahau."

Ndivyo nilivyosema. Nilimsifu. Tangu ana miaka tisa nilikuwa nikimgonga vidole kwa futi ya mbao kila alipokata kitambaa kwa kipimo cha mwili. Nilimwambia anayekata hivyo atavaa yeye mwenyewe. Hajawahi tena kutazama urefu wa kitambaa bila kuutoa mshono, kama vile mtu asivyoweza kutazama neno bila kulisoma.

Ijumaa tukapita kwa mwalimu kumshukuru. Sindano akamsomea maswali yote kwa kumbukumbu, na alipofika la kitambaa akalisoma kwa mbwembwe, na jibu lake. Mzee akashika sikio lake mwenyewe, akalivuta kidogo.

"Na hayo mengine yote?"

"Mengine mengi yamekwenda vizuri, Mwalimu. Mawili matatu sina hakika."

"Basi tusubiri," akasema. Akamwambia asome tena lile la mabano, ambalo alikuwa amelijibu vizuri, ili amsifu.

Sasa najua alikuwa anatuachia siku chache za furaha. Zilikuwa siku tisa.

Matokeo yalibandikwa ukutani chuoni. Sindano alisoma jina lake, akafuata mstari kwa kidole, akarudi mwanzo, akafuata tena. Hamsini na saba.

Chuo kinamruhusu mtu kutazama karatasi yake. Karani wa dirishani aliitafuta muda mrefu, akaileta, akageuka kutazama upande mwingine tusione aibu. Swali la kitambaa lilikuwa la alama tano. Mstari mwekundu ulipita juu ya kazi yote ya mjukuu wangu, juu ya maneno aliyoandika pembeni kwa mwandiko mzuri, na chini yake palikuwa na sifuri na jibu: mita mbili.

"Mbili?" Sindano akasema. "Halafu atashonea wapi?"

Karani hakuelewa anaulizwa nini.

Nilimweleza mwalimu mimi mwenyewe, nilikwenda peke yangu. Alisikiliza, akasimama, akavaa koti lake. "Twende," akasema.

"Wapi?"

"Si kwa barua, Mama Fundi. Safari hii nakwenda kwa miguu."

Tukampitia Sindano, ambaye hakutaka kuja lakini alikuja. Mkuu wa idara ya hesabu alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye meza nadhifu. Alisimama alipomwona mzee, akatoka na kiti chake mwenyewe kuniletea mimi kwa kuwa vya wageni vilikuwa viwili tu. Namkumbuka kwa kiti hicho. Ni vigumu kumchukia mtu wa namna hiyo, na ningependa nimchukie.

"Mwalimu, nimeisoma karatasi," akasema. "Niliisoma hata kabla hamjaja."

"Umesoma na mlinganyo wake?"

"Nimeusoma."

"Una kosa?"

"Hauna. Umepangwa vizuri na umetatuliwa vizuri. Lakini si swali tulilouliza. Swali halikutaja mshono."

"Swali lilitaja fundi," Sindano akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Kama mlitaka kitambaa kisicho na mshono, mngesema mwenye duka."

Yule mama akamtazama muda kidogo. Nilidhani, kwa muda mfupi nilidhani, kwamba amekubali.

"Dada yangu," akasema, "umesema kweli, na mwakani tutaliandika upya. Lakini walifanya mtihani watu mia mbili na kumi. Wote wamesahihishiwa kwa mwongozo mmoja, siwezi kumsahihishia mtu mmoja kwa mwongozo mwingine. Nikikupa wewe alama hizi, kuna mtu aliyepata hamsini na nane, naye atakuja na maelezo yake. Na jina la aliyefuata limeshaandikwa. Amepigiwa simu jana."

"Ni kijana?" Sindano akauliza.

"Ni mama wa watoto wawili. Alilia kwenye simu."

Basi. Hata hasira ya kumchukia aliyechukua kiti hatukupewa.

Mwalimu alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Sheria ni sheria," akasema, na sikujua anasema nami, na yule mama, au na nafsi yake. Kisha akamgeukia yule mkuu wa idara. "Binti yangu, na mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti kama chako. Nilikuwa nalala vizuri tu. Sikuambii hivi nikuombe alama. Nakuambia ujue kwamba itafika siku hutalala."

"Hata sasa silali vizuri, Mwalimu," yule mama akasema, na alionekana kweli halali. Akatusindikiza mpaka nje.

Tulirudi kwa miguu. Sindano alitangulia, haraka, kisha akatungoja kwenye kona, kisha akatangulia tena. Mimi nilikuwa nimemshika mzee mkono kwa sababu ya mitaro, na sikukumbuka ni wakati gani nilimshika. Nilipomfikia mjukuu wangu kwenye kona ya pili, nilimwambia kile nilichokuwa nimekibeba tangu dirishani kwa karani.

"Ni mimi. Mama yako nilimtoa shuleni kwa cherehani, na wewe nimekutoa kwa cherehani."

Alikuwa na chaki ya bluu chini ya kucha, bado.

"Bibi, wewe ungejibu ngapi?"

"Moja nukta tisini na sita."

"Basi," akasema. Halikuwa neno la kusamehe, wala la kulaumu. Alilisema kama unavyofunga droo. "Kuna sare zinangoja. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nitafanya mikono, wewe ufanye kola."

Nikataka kumwambia mwaka huu sichukui oda, kwamba azirudishe sare za watu zote, akae asome. Lakini kusoma kwa ajili ya nini, na kwa mtihani upi? Miaka miwili si kitu cha kumwambia mtu asome kila alfajiri. Nikanyamaza, na nikajua kwamba nimenyamaza kama nilivyonyamaza kwenye zile barua, na safari hii sikuona njia nyingine.

Tukafika kwa mwalimu. Sindano hakuingia. Alisimama barabarani, amekunja mikono, anatazama mbele. Mimi nilimfikisha mzee mpaka mlangoni, nikamtafutia tundu la ufunguo maana mkono wake ulikuwa unalikosa. Mlango ulipofunguka hakuingia. Aligeuka kule alikodhani mjukuu wangu yuko, na alikosea kidogo, akawa anaongea na ukuta wa jirani.

"Najua mtihani umepita," akasema. "Najua hamna tena sababu ya kuja huku. Sitawaambia kwamba miaka miwili ni michache, maana mimi ndiye niliyempa mtu ishirini na sita."

Akapapasa fremu ya mlango, akaishika.

"Lakini mje," akasema. "Ijumaa. Hata bila daftari. Mje mkae tu."